Nywele za Chifu Kishoka

Kwa miaka ishirini na miwili Arlette Soulier aliwapakulia chakula watoto wa Sekondari ya Pellam, na kwa miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza anaonaje jambo lolote, hata supu. Kwa hiyo siku mkuu wa shule, Bi Marlys Vetterli, alipoingia jikoni na tabasamu la mtu anayekuja kuazima kitu, Arlette alijua kuna jambo.

"Arlette, mpenzi wangu, tunaunda kamati," alisema mkuu. "Ya kubadilisha jina la timu ya mpira na kinyago chetu cha uwanjani. Tungependa sauti yako iwemo."

"Sauti yangu?"

"Sauti ya, unajua... watu wako."

Arlette akaendelea kusugua sufuria. Alikuwa ameshasoma gazetini kwamba bodi ya shule imepiga kura, wanne kwa watatu, jina la Ngozi Nyekundu liondoke na Chifu Kishoka aende nalo. Alisoma habari hiyo mara mbili akiwa amesimama kwenye foleni ya duka, na hakufurahi. Alihisi kile anachohisi mtu akiona jirani yake, baada ya miaka sitini, hatimaye ameufukia mfereji wa choo chake.

Chifu Kishoka ndiye aliyekuwa fahari ya Pellam. Kila mwaka kijana mmoja wa darasa la mwisho huchaguliwa, hupakwa rangi nyekundu usoni na kifuani, huvishwa kizibao cha ngozi chenye nyuzinyuzi, na kichwani hutwishwa taji la manyoya ambalo Waojibwe, watu wa Arlette, wenyeji wa asili wa Marekani waishio ng'ambo ya ziwa la mji, hawajapata kulivaa tangu dunia iumbwe. Kisha hukimbia uwanjani kila Ijumaa ya mechi akipunga shoka la plastiki na kujipigapiga kiganja mdomoni, wu-wu-wu-wu, na wazazi wazima, wenye mikopo ya nyumba na vitambulisho vya kanisa, humjibu kwa sauti hiyohiyo. Kichwa chake kilichorwa pia kwenye sakafu ya ukumbi wa mazoezi, meno nje, pua kubwa. Ilikuwa marufuku kukikanyaga. Mtoto akikikanyaga, hata kwa bahati mbaya, anapiga pushapu kumi hapohapo. Arlette mwenyewe alizipiga akiwa mwanafunzi, huku kijana mmoja akimhesabia kwa kicheko.

Hayo yote angeweza kuyameza, kama alivyokuwa ameyameza siku zote. Lililomkaa kooni ni wigi.

Chini ya lile taji Chifu Kishoka alivaa wigi lenye misuko miwili myeusi iliyofika kiunoni, na misuko ile haikuwa ya dukani. Zilikuwa nywele za Philomene, mama yake Arlette. Mwaka 1959 Philomene, msichana wa miaka kumi na mitano, aliitwa mbele ya darasa na mwalimu wa sayansi kimu, akaambiwa ana chawa, akakalishwa kwenye stuli, na mkasi wa kukatia vitambaa ukapita nyuma ya shingo yake. Hakuwa na chawa. Majuma matatu baadaye alikwenda uwanjani na wenzake kutazama mechi, akaziona nywele zake zikicheza kichwani kwa mvulana. Alizijua kama mtu anavyoujua mkono wake. Akatoka, na hakutia tena mguu katika uwanja ule. Akaolewa, akazaa, akafiwa, akazeeka, na kila Ijumaa ya majira ya mpira akisikia ngoma za shule kutoka ng'ambo ya maji, alifunga dirisha.

Kwao nywele hazitupwi ovyo. Hukusanywa, zikachomwa kwa heshima, au humfuata mwenyewe kaburini. Sasa Philomene alikuwa na miaka sabini na tisa, na moyo wake ulikuwa umechoka kiasi kwamba daktari aliacha kuzungumzia tiba na kuanza kuzungumzia mito ya kulalia.

"Sitaki maua," alimwambia Arlette. "Sitaki jeneza la bei. Nataka kwenda na nywele zangu. Nataka nikifika kule nisiulizwe nilikoziacha."

"Nitazileta, Mama."

"Ulisema hivyo mwaka juzi."

"Mwaka juzi nilikuwa mpishi tu. Sasa mimi ni kamati."

Mama akacheka mpaka akakohoa. Lakini wote wawili walijua hali ilivyo. Arlette alikuwa ameziomba zile nywele mara mbili huko nyuma. Mkuu wa kwanza alimcheka. Wa pili alimwambia aandike barua, kisha barua ikapotea.

Kamati ilikaa maktaba, Jumanne nne mfululizo, pamoja na kahawa na sinia la maandazi matamu yenye sukari juu. Watoto walikuwa wamependekeza majina. Mmoja alitaka timu iitwe Viazi vya Kukaanga, na kusema kweli lilikuwa na ladha kuliko mengi. Mwishowe wakabaki na fisimaji.

"Fisimaji?" alifoka Duane Hruska, muuza bima, mjumbe wa upande wa wahitimu wa zamani. "Fisimaji ananilia samaki wangu ziwani. Nimshangilie tena?"

Duane alikuwa Chifu Kishoka mwaka 1984, na mwanawe Brody ndiye aliyekuwa anavaa manyoya msimu huu. Kifua kilikuwa kimemjaa. Mkutano wa pili akalia machozi ya kweli, pua ikamtiririka, akaifuta kwa karatasi ya maandazi.

"Mnatufanya tuonekane watu wabaya," alisema. "Sisi tuliwapa heshima. Arlette, we niambie. Tulisoma wote. Si ilikuwa heshima?"

"Mlituheshimu mpaka tukakoma, Duane."

"Unaona? Anafanya mzaha. Mimi nalia yeye anafanya mzaha."

"Futa sukari kidevuni, basi."

Bi Vetterli akagonga meza kwa kalamu akasema kwamba hisia zote zina nafasi katika chumba hiki. Alipenda sana kusema hivyo. Alikuwa ameweka ubaoni karatasi kubwa yenye neno UPONYAJI, na chini yake wajumbe walibandika vijikaratasi vya rangi. Arlette aliviangalia vile vijikaratasi, chake akakikunja mfukoni. Mkutano wa tatu akasimama.

"Mimi sina kijikaratasi," alisema. "Nina ombi moja. Lile wigi lina nywele za mama yangu. Walimkata hapa hapa shuleni. Bado yuko hai, na anazitaka kabla hajafa."

 Bi Vetterli akageuza kurasa za daftari lake.

"Mimi niliambiwa ni singa za farasi," alisema.

"Farasi!" Duane akacheka, akasahau alikuwa analia. "Nilizivaa msimu mzima. Jasho likiingia mle, hata ungefua vipi... Farasi hanuki vile."

Hakuna aliyemtazama. Yeye mwenyewe alichukua muda kuelewa alichosema, na hata alipoelewa hakuona haya, aliona tu kwamba hakuna aliyecheka naye. Arlette alishika ukingo wa meza. Alitaka kumtapikia kwenye viatu, hasa viatu, kwa sababu vilikuwa vimeng'arishwa.

Bi Vetterli ndiye aliyeokoa jahazi, kwa namna yake. Macho yalimng'aa. Alisema wazo limemjia sasa hivi, na ni wazo zuri kupita kiasi: nywele zirudishwe, ndiyo, lakini zirudishwe hadharani. Ijumaa ya mechi ya wahitimu kurudi shuleni, wakati wa mapumziko, mbele ya mji mzima. Chifu Kishoka aage, nywele zikabidhiwe, fisimaji aingie.

"Na wewe uzipokee, Arlette. Ukiwa na mavazi yenu ya asili. Halafu useme maneno machache ya kusamehe. Mafupi tu. Watu wanahitaji kusikia."

"Kwa nini usinipe leo? Kabati lenye wigi liko hapo nje."

"Mpenzi, ni mali ya shule. Bila tukio siwezi kulieleza kwa bodi. Kwa tukio, naweza."

Hapo ndipo ulipokuwa mtego wenyewe, umepambwa kwa riboni. Arlette alimfikiria mama yake amelala kwenye mito mitatu, akihesabu Ijumaa. Yalibaki majuma mawili kufika siku hiyo. Kukataa kulikuwa na raha yake, raha ya dakika moja, na baada yake jeneza lingefungwa bila nywele.

"Nitakuja," alisema. "Nitavaa nguo. Hayo mengine sikuahidi."

Ijumaa ikafika na baridi yake. Mji mzima ulikuwa uwanjani, na nusu yake wamevaa fulana mpya zenye ule uso mwekundu na maandishi NGOZI NYEKUNDU MILELE. Mtu fulani alikuwa amezichapa na kuziuza palepale langoni pa sherehe ya kumuaga Chifu. Wanawake waliokuwa wamemsalimia Arlette kanisani walikuwa wamejichora mistari mashavuni. "Ni mara ya mwisho tu!" walimpungia mkono wakicheka. Arlette alivaa koti lake jeusi la kila siku na viatu vya theluji. Bi Vetterli alimtazama kutoka juu mpaka chini, uso ukamshuka kidogo, lakini akampiga busu hewani.

Kengele ya mapumziko ikalia. Arlette alitegemea kuliona wigi juu ya mto au ndani ya boksi. Badala yake ngoma zikaanza, na Brody Hruska akachomoka kutoka chini ya majukwaa, mwekundu kuanzia usoni mpaka kitovuni, akiwa amelivaa.

"Ulisema anaaga," Arlette alimwambia mkuu.

"Ndiyo hivyo. Dansi ya mwisho. Ya heshima."

Ikawa dansi ya dakika sita. Brody aliruka, akajiviringisha nyasini, akalaza kichwa nyuma ili misuko izunguke, na kila ilipozunguka watu walihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Watu elfu mbili wakapiga viganja midomoni. Duane alisimama kwenye benchi la mbele akilia tena. Arlette alisimama katikati ya uwanja, mikono mifukoni. Hakuwahi kuuchukia mji wake kama alivyouchukia dakika zile, na hakuwa na mahali pengine pa kuita kwao.

Kisha Brody akaja mbele yake akihema. Akavua taji, akavua wigi, akampa kwa mikono miwili. Kijana mwenyewe hakuwa mbaya. Macho yake yalitazama chini.

"Samahani, Bi Soulier," alinong'ona. "Zimelowa kidogo."

Zilikuwa za moto. Zilikuwa zimelowa kama tambi zilizochujwa vibaya, zikinuka jasho, dawa ya nywele, bia iliyomwagika miaka hiyo yote na rangi ya uso. Karibu na ncha kulikuwa na chingamu iliyokauka. Arlette alizishika, na mwili mzima ukamsisimka kwa kinyaa, kisha akaona aibu kwa kinyaa hicho, maana zilikuwa nywele za mama yake.

Bi Vetterli akamsogezea kipaza sauti.

"Zimelowa," alisema Arlette, na sauti yake ikazunguka uwanja mzima. Hakuongeza neno.

"Na kusamehe?" mkuu alimnong'oneza, tabasamu likiwa bado limeganda.

"Hicho leo hatukupika, Marlys."

Akaondoka kwa mwendo wa kawaida, akapita langoni. Nyuma yake akasikia muziki mwingine, na watu wakimzomea mwalimu wa jiografia ambaye alikuwa ametokea ndani ya manyoya ya kahawia ya fisimaji, akipigapiga mkia chini.

Asubuhi ya Jumamosi Mama aliomba asaidiwe kuamka. Alikaa kwenye meza ya jikoni, dirishani, blanketi mabegani, na mbele yake Arlette akaweka beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni. Mama alitaka kuziosha mwenyewe. Maji ya kwanza yaligeuka mekundu, ya pili ya kahawia, ya tatu yakawa na mafuta juu. Arlette aliikwangua chingamu kwa kisu cha siagi, akageuza uso, akaendelea.

"Walizitumia kama dekio," alisema Mama.

"Wanyama watupu wote wale."

"Usiwatukane. Utachoka bure. Nipe kitana."

Mama akaanza kuufumua msuko wa kwanza. Vidole vyake vilikuwa vimepinda, lakini kazi hiyo vilikuwa bado vinaikumbuka. Alifumua hadi katikati, akasimama, akaupima unene kwa kiganja.

"Arlette. Mimi sikuwa na nywele nyingi hivi."

"Zimevimba na maji."

"Nywele zangu nazijua. Lete mkasi, fungua hiyo kofia."

Arlette akakata bitana ya kofia ya wigi. Ndani kulikuwa na kazi safi ajabu. Nywele zilikuwa zimegawanywa mafungu mafungu, na kila fungu limeshonewa kwenye utepe mweupe wa pamba kwa mishono midogo iliyolingana, kazi ya wasichana wa sayansi kimu. Katika darasa lile kila kilichoshonwa, iwe aproni au kitambaa cha meza, ni lazima kitiwe mwaka kwa uzi mwekundu, la sivyo unapoteza alama. Arlette mwenyewe alijifunza hivyo. Na hapa pia walikuwa wametii. Utepe wa kwanza ulisema 1959.

Mama akaukata utepe huo, akazipeleka zile nywele shavuni, akafumba macho.  Arlette akadhani kazi imekwisha, na kitu kikamlegea kifuani kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe.

"Kuna nyingine," alisema Mama bila kufumbua macho. "Soma."

Utepe wa pili ulisema 1963. Nywele zake zilikuwa na wekundu kwa mbali, kama za ukoo jirani wa Cadotte. "Rosalie," alisema Mama. "Alikaa nyumbani mwezi mzima, kilemba kichwani. Walituambia ana chawa." Utepe wa tatu, 1970. Mama aliutazama, akatikisa kichwa, hakumjua mwenyewe. Wigi lilipopungua, walikuwa wameliongezea. Kila lilipochakaa kwa jasho la wavulana, mtoto mwingine wa upande wa ziwa alionekana ana chawa.

Arlette aliinuka akafungua bomba, akanywa maji kwa kiganja, akarudi. Utepe wa nne ulikuwa chini kabisa, karibu na kipaji, mahali pa kuonekana vizuri.

1981.

Nywele zake zilikuwa na mawimbi. Waojibwe wengi wa ziwa lile wana nywele zilizonyooka, lakini baba yake Arlette alikuwa na mawimbi, na aliyarithisha mtoto mmoja tu.

 Arlette alikuwa na miaka kumi na minne mwaka ule, kidato cha kwanza, alipotolewa kwenye kipindi cha hesabu na muuguzi wa shule. Alirudi nyumbani na shingo wazi na barua mkononi ya kusema ana chawa. Miaka mitatu baadaye alikaa jukwaani na shule nzima, akamtazama Duane Hruska akizunguka na misuko ile, akawaza tu kwamba pale kuna nywele za mama yake.

Mama alikuwa ameuchukua utepe. Aliugeuza, akausoma tena, ingawa miwani yake ilikuwa chumbani na alihitaji miwani kusoma chochote.

"Ile barua ilikuwa na muhuri," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nilikumwagia mafuta ya taa. Nikakusugua kwa brashi ya sakafu mpaka ukatoka damu. Ukalia, nikakupiga kwa mpini, nikakwambia umeniaibisha. Nilichoma godoro lako uani ili majirani waone kuwa sisi ni wasafi."

"Mama, ni zamani."

"Mimi walinifanyia vilevile. Nilikaa kwenye stuli ileile. Halafu zikaja zako, nikawaamini wao." Akainua uso. "Ulikuwa na chawa?"

Miaka arobaini na miwili ilikuwa imepita na hakuwahi kumuuliza.

"Nilikwambia sina," alisema Arlette. "Nilikwambia pale pale mlangoni."

Mama akaziweka nywele zake mwenyewe kando, zile alizozisubiri tangu usichana, akazisukuma mpaka ukingoni mwa meza. Zilizobaki mbele yake ni zile zenye mawimbi. Arlette akanyoosha mkono amshike, lakini Mama akauondoa wake upesi, akauficha chini ya blanketi.

"Usiushike huu," alisema. "Huu ndio uliokukandamiza kichwa kwenye beseni."